Sakiti ya kwanza ya mtoto: betri mbili, globu ya tochi na kipande cha boksi

Likizo ikianza tu, maswali nayo huanza, na ni yale yale ya mwaka jana. Waya nimeunga, mbona globu haiwaki? Mtoto hatapigwa na umeme? Betri ya bodaboda inafaa? Na lile limau la kwenye video linalowasha taa, ni kweli? Nimechoka kuyajibu moja moja mlangoni na kwenye simu, kwa hiyo nayaweka yote hapa, hatua kwa hatua. Vifaa vyote vinapatikana hapa hapa Tanga mjini, huna haja ya kuagiza kitu Dar.

Mwongozo huu ni wako wewe mkubwa: mzazi, mjomba, shangazi, kaka, mwalimu. Mtoto awe na miaka 8 hadi 12 hivi. Aliye mdogo zaidi akae atazame na abonyeze swichi, lakini betri na nyaya zibaki mikononi mwako. Tenga asubuhi nzima. Ukiwa na haraka utaishia kuunganisha wewe, mtoto atabaki kukutazama, na mkimaliza hatakuwa amejifunza lolote.

Kwanza kabisa: soketi ya ukutani haiguswi

Kila tutakachofanya hapa kinatumia betri kavu za tochi. Betri moja ina volti 1.5, na mbili zikipangwa mstari mmoja zinatoa volti 3. Umeme wa soketi ya nyumbani ni volti 230. Kwa volti 3 mtoto anaweza kushika waya mtupu kwa vidole vikavu asihisi chochote. Kwa volti 230 huenda asipate hata nafasi ya kupiga kelele. Mwambie hivyo hivyo, kwa namba, kabla hajashika kitu. "Usiguse, utakufa" ameisikia tangu alipokuwa anatambaa, na imeshazoeleka masikioni mwake.

Hatari ya mchezo huu haimo kwenye betri. Iko kesho yake, mtoto aliyewasha globu kwa furaha anapojiuliza itakuwaje akichomeka nyaya zile zile ukutani. Ni swali la akili kabisa, na ndilo linaloua. Likatae kabla hajaliuliza, kisha mkimaliza kazi ya siku hakikisha nyaya zote zimerudi kwenye kopo na kopo limerudi kwako.

Vingine visivyoruhusiwa:

- Betri ya bodaboda, ya gari au ya sola. Volti 12 hazimpigi mtu, lakini betri hizo zina nguvu ya kusukuma mkondo mkubwa mno wa umeme. Ncha mbili zikigusana, waya unakuwa mwekundu mkononi mwa mtoto. Na ndani yake mna asidi.
- Betri ya simu, ya laptop, au pawabenki. Ikitobolewa au ikipigwa shoti, yaani ncha zake mbili zikiunganishwa moja kwa moja, inaweza kuwaka moto, na moto wake si wa kuzima kwa kikombe cha maji.
- Betri za kifungo, zile bapa za saa na za vitu vya kuchezea. Mtoto akimeza, inaanza kuunguza koo ndani ya saa 2. Ikitokea, usimtapishe na usisubiri uone. Mkimbize hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu.
- Betri za kuchaji, hata zile ndogo za ukubwa wa betri za rimoti. Zikipigwa shoti zinapata joto haraka. Hii ni kazi moja ambayo betri ya bei rahisi ndiyo bora, kwa sababu ikikosewa inachoka kabla haijaleta madhara.

Vifaa

- Betri 3 za kawaida za volti 1.5, za aina moja, zote mpya. Kubwa za tochi ni rahisi kushika, ndogo nazo zinafaa.
- Globu 2 za tochi za kizamani, zile zenye kiwaya ndani ya kioo. Soma maandishi madogo kwenye shingo yake ya bati: unatafuta 2.5V. Ya 6V itafifia, ya 12V ya pikipiki haitawaka kabisa. Tochi za siku hizi karibu zote ni za LED, kwa hiyo hizi utazikuta kwenye maduka ya zamani ya vifaa vya umeme au kwa fundi redio. Pitia mafundi wa Ngamiani, wengi wana kopo la vikorokoro visivyokosa globu.
- Holda 2 za globu hizo, ukizipata. Usipozipata tutatumia tepu.
- Taa 2 ndogo za LED, nyekundu, na rezista 1, kile kijiti chenye mistari ya rangi kinachopunguza umeme unaopita, ya omu 220 (mistari nyekundu, nyekundu, kahawia). Yoyote kati ya omu 100 na 330 inafaa. Hizi pia ni za fundi redio, anazing'oa kwenye redio mbovu.
- Waya mwembamba, mita 2. Waya wa spika wa rangi mbili ndio mzuri kuliko wote. Waya wa chaja mbovu nao unafaa, ilimradi ukate na kutupa kabisa upande wa plagi.
- Karatasi ya foili, ile ya jikoni au ya kufungia chipsi.
- Kipande cha boksi gumu, tepu ya umeme, klipu za karatasi za chuma, pini za ubaoni zenye kichwa cha chuma kitupu.
- Mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, upana wa kidole.
- Mkasi, kipande cha msasa, na kopo lenye mfuniko la kuhifadhia vyote.

Usitumie waya wa hedifoni. Watu wengi wanaanza nao kwa sababu kila nyumba ina hedifoni mbovu, kisha wanahangaika asubuhi nzima. Nyuzi zake za ndani zimepakwa vanishi ya rangi nyekundu, kijani au shaba, na vanishi hiyo haipitishi umeme. Kwa macho utaona shaba, lakini kwa globu ni kama umeshika plastiki.

Nadharia, na hii ndiyo yote

Umeme hautoki kwenye betri ukaingia kwenye globu ukaishia humo. Unatoka upande mmoja wa betri, unapita kwenye globu, na lazima upate njia ya kurudi upande wa pili wa betri ile ile. Njia hiyo kamili ndiyo sakiti. Ikikatika popote, hata kwa upana wa unywele, kila kitu kinazima.

Mfundishe mtoto kuifuata njia kwa kidole: kidole kianze kwenye chanya ya betri (kichwa chake chenye alama ya +), kitembee juu ya waya, kipite ndani ya globu, kitoke, kirudi hadi hasi (kitako chake). Kidole kikikwama, umeme nao umekwama. Maswali karibu yote ninayoulizwa yangejibiwa na kidole hicho, kwa hiyo usikiache hadi hatua ya mwisho.

Mtoto akikuuliza umeme wa nyumbani unatoka wapi, mwambie mwingine unatoka jirani tu: mitambo ya Hale, ya mwaka 1964, na ile ya Pangani ya mwaka 1995 inazungushwa na maji ya mto Pangani, na umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa. Kisha rudini kwenye betri.

Hatua

1. Andaa nyaya. Kata vipande 6 vya urefu wa kiganja na kidole. Chuna ganda kila ncha, kama sentimita 2, kwa kulizungusha taratibu kwenye ukingo wa mkasi bila kubana. Ukibana unakata na nyuzi za ndani. Kazi ya mkasi fanya wewe, na meno yasitumike, ya mtoto wala yako. Nyuzi zikishaonekana, mtoto azisokote pamoja ziwe ncha moja ngumu isiyochanua.

2. Mpe mtoto vitu vitatu tu: betri moja, waya mmoja, globu moja. Mwambie awashe. Kisha nyamaza.

Hatua hii watu huiruka, na mimi naiona ni nusu ya somo zima. Mtoto ataweka kitako cha globu juu ya betri, asione kitu. Ataunga waya kutoka betri hadi kwenye kioo. Atageuza betri. Wengine watasema globu mbovu. Usimwoneshe. Anapokwama kweli, mpe globu aitazame kwa karibu: chini kabisa kuna nukta ya risasi, kisha ukanda mweusi au wa kioo, kisha bati la shingo. Muulize kwa nini waliotengeneza wameweka ule ukanda katikati. Ndani ya kioo ataona vijiti viwili, kimoja kinashuka kwenye nukta, kingine kwenye bati, na kiwaya chembamba kimening'inia kati yao. Globu ina milango miwili. Umeme unaingia mmoja na kutokea mwingine.

Jibu ni hili: nukta ya globu ikae juu ya kichwa cha chanya cha betri, waya utoke kwenye kitako cha betri, na ncha yake ya pili iguse bati la shingo. Kwa betri moja globu ya 2.5V itawaka hafifu, rangi ya kaa la moto. Pelekeni mahali penye kivuli muione vizuri.

Tahadhari: katika kuhangaika huko mtoto anaweza kuunga waya moja kwa moja kutoka kichwa hadi kitako cha betri bila globu. Hiyo ni shoti. Haitamuumiza mara moja, lakini baada ya muda mfupi waya na betri vinapata joto. Mpe kanuni moja: kikipata joto, achia. Betri iliyopigwa shoti kwa dakika chache inaweza kuwa imekwisha ingawa ni mpya.

3. Tengeneza kasha la betri mbili. Kama una kasha kutoka kwenye rimoti au mdoli mbovu, tumia hilo. Kama huna, panga betri mbili mstari mmoja, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine, zizungushie karatasi ngumu na tepu ili zisipinde. Kunja foili mara kadhaa upate vitako viwili vinene vya ukubwa wa sarafu, fungia ncha ya waya ndani ya kila kimoja, weka kimoja kila mwisho, kisha vuta mpira wa tyubu uzunguke kwa urefu ukibana vyote. Mpira lazima ubane kweli. Tepu peke yake inalegea kwa joto letu hili, na baada ya saa moja globu inaanza kupepesa.

4. Unganisha globu kwenye kasha. Waya mmoja wa kasha uende kwenye skrubu moja ya holda, wa pili kwenye skrubu nyingine. Bila holda: kaza waya mmoja kuzunguka bati la shingo na uufunge kwa tepu, na wa pili uukandamize kwenye nukta ya chini kwa kipande cha foili na tepu. Nyaya mbili zisigusane. Sasa ni volti 3, na mwanga utakuwa mweupe na mkali.

Kosa la kawaida ni kubandika tepu katikati ya waya na bati. Tepu inakaa juu ya kiungo. Ikipita kati, umeweka ukuta.

5. Ongeza swichi. Toboa boksi kwa pini mbili zilizoachana kwa urefu wa klipu. Kata njia ya globu mahali pamoja, popote, upate ncha mbili. Ncha moja ifunge chini ya kichwa cha pini ya kwanza pamoja na klipu, ya pili chini ya pini ya pili. Klipu ikizungushwa ikagusa pini ya pili, globu inawaka. Ikiachanishwa, inazima. Klipu za rangi zimevalishwa plastiki na hazifai mpaka uzisugue kwa msasa. Pini zenye kofia ya plastiki nazo ni hivyo hivyo.

Hapa muulize mtoto swichi iwekwe upande gani, wa chanya au wa hasi. Aseme anachodhani, kisha ahamishe ajionee. Kwa sakiti hii ya betri ni sawa popote, mradi inakata njia. Watoto wengi hawaamini hadi waone.

6. Badilisha globu uweke LED. Hapa mambo mawili yanabadilika. LED ina upande: mguu mrefu ni chanya, mguu mfupi ni hasi, na ukingo wa kichwa chake umekatwa bapa upande wa hasi. Ukiigeuza haiwaki, ila kwa betri hizi haiharibiki, kwa hiyo mwache mtoto ajaribu pande zote. La pili, LED haijui kujizuia. Isipowekewa rezista inaweza kunyonya mkondo kuliko uwezo wake, ing'ae sana, kisha ife. Sokota mguu mmoja wa rezista kwenye mguu wowote wa LED, funga tepu, na msiitoe tena. Rezista yenyewe haina upande.

LED nyekundu inahitaji karibu volti 2, ndiyo maana betri moja haiiwashi hata iwe mpya. Nyeupe na bluu zinahitaji karibu 3, na kwa betri mbili zenye rezista zinakuwa hafifu au hazitoi kitu. Anza na nyekundu.

7. Geuza sakiti kuwa kipimio. Kata tena njia mahali pamoja, uache ncha mbili zikining'inia. Kila mtakachogusisha kati ya ncha hizo kitasema chenyewe: taa ikiwaka, kinapitisha umeme. Ikibaki kimya, hakipitishi. Mwache mtoto azunguke nyumba na kipimio chake, ila soketi, friji na kitu chochote kilichochomekwa ukutani ni marufuku. Kabla ya kugusisha, aandike kwenye daftari anachodhani, ndipo apime.

Vya kujaribu: sarafu, kijiko, ufunguo, ndala, kifuu cha nazi, kipande cha kamba ya mkonge, foili ya pakiti ya biskuti (pande zote mbili, upande mmoja una plastiki), na penseli iliyochongwa huku na huku. Penseli inawashangaza wengi: mti wake haupitishi, ila ule moyo mweusi unapitisha kidogo, na LED itawaka kwa unyonge. Globu ya kawaida isingeonesha chochote, ndiyo maana kipimio tunakitengeneza kwa LED.

Kisha maji. Ongeza betri ya tatu kwenye kasha, ufike volti 4.5. Chukua glasi ya maji ya bahari, wanaokaa Raskazone wako hatua chache tu, au koroga kijiko cha chumvi kwenye maji ya bomba. Zamisha ncha mbili zikiwa karibu bila kugusana. LED itawaka, na kwenye waya wa upande wa hasi vitatokea vipovu vidogo vidogo kama vya soda. Sogeza ncha mbali, mwanga unapungua. Rudia kwa maji ya mvua au ya kunywa ya chupa, uone tofauti. Chovya na ile kamba ya mkonge kwenye maji ya chumvi, ikamue, ipime tena: kikavu hakikupitisha, kilicholowa kinaweza kuonesha mwanga wa mbali. Msikae na jaribio hili zaidi ya dakika chache. Waya wa chanya unaliwa na kubadilika rangi, kwa hiyo kata ncha hizo mkimaliza, na maji yamwagwe, yasinywewe.

Mtoto akishaona chumvi inavyofungua njia, mwambie jasho nalo ni maji ya chumvi. Marufuku ya kugusa swichi ya ukutani kwa mikono iliyolowa, ambayo umeirudia miaka yote, ataielewa bila kelele.

8. Globu mbili, njia mbili. Rudisha betri ziwe mbili. Kwanza panga globu zifuatane: kutoka betri hadi globu ya kwanza, kutoka ya kwanza hadi ya pili, kisha kurudi kwenye betri. Zote mbili zitafifia, na ukilegeza moja, nyingine inazima. Kisha panga sambamba: kila globu iwe na nyaya zake mbili zinazofika moja kwa moja kwenye pande mbili za betri. Zote zinang'aa karibu kama ilipokuwa moja, na ukilegeza moja, nyingine haina habari.

Muulize: taa ya sebuleni ikizimwa, friji inazima? Basi nyumba imeungwa kwa mpango upi? Baadhi ya taa za mapambo za harusini zimeungwa kwa kufuatana, ndiyo maana moja ikifa kipande kizima kinakuwa giza. Ajibu kwa kidole juu ya boksi, asikuridhishe kwa maneno ya kitabuni.

9. Kama bado ana hamu: toa globu, weka mota ndogo kutoka kwenye gari bovu la kuchezea au deki mbovu. Bandika kipande chepesi cha karatasi kwenye mhimili wake, una feni. Geuza betri, inazunguka kinyume. Hapo hana haja yako tena.

Haiwaki: pa kutafutia

Usibomoe sakiti. Kubomoa na kuanza upya ndiko kunakofanya kosa lijirudie. Anza na kidole, kisha fuata mpangilio huu.

Haiwaki kabisa, na hakuna joto popote. Njia imekatika. Toa globu uiguse moja kwa moja kwenye betri kama hatua ya 2. Ikiwaka, globu na betri ni nzima, kosa liko kwenye viungo: waya haujachunwa vya kutosha, tepu imeingia kati, klipu ina plastiki, au foili imechanika. Isipowaka, itazame ndani ya kioo: kiwaya kikiwa kimekatika au kioo kimeingia weusi, imeungua.

Haiwaki, na betri au waya una joto. Shoti. Tenganisha kwanza, fikiri baadaye. Mara nyingi ni nyuzi mbili zilizochanua kwenye holda zikagusana, au waya uliokusudiwa nukta ya globu umegusa na bati la shingo.

Betri mbili lakini mwanga ni sifuri. Moja imegeuka. Kichwa kwa kichwa au kitako kwa kitako zinapingana, na nguvu zake zinafutana.

Inawaka ukishika, ukiachia inazima. Kiungo kimelegea, na kidole chako ndicho kinachokaza. Kaza mpira wa tyubu, nenepesha foili.

Ilikuwa inawaka juzi, leo haiwaki. Hewa yetu ya bahari haina huruma. Springi za kasha na vichwa vya pini vinashika kutu ya kijani au nyeupe ndani ya majuma machache, na kutu hiyo haipitishi vizuri. Msasa kidogo, halafu jaribu tena. Ukiona unga mweupe unatoka kwenye betri yenyewe, betri imevuja: itoe wewe, mtoto asiguse, futa kasha kwa kitambaa chenye unyevu, likauke, kisha nawa mikono.

LED haiwaki. Geuza miguu. Bado? Hesabu betri, moja haitoshi. Bado? Toa rezista uangalie mistari yake. Rezista ya omu 22,000 ina nyekundu mbili kama yako, ila mstari wa tatu ni rangi ya chungwa, na kwenye mwanga hafifu wa dukani kahawia na chungwa zinadanganya sana. Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote kwenye LED.

Globu iliwaka kwa kasi ikafa papo hapo. Umetumia betri nyingi kuliko ilivyoandikwa shingoni. Ya 2.5V inavumilia betri mbili, ya 1.5V haivumilii.

Limau haliwashi globu. Na halitawasha. Limau au chungwa la Muheza lililochomwa waya wa shaba upande mmoja na msumari wa bati uliopakwa zinki upande mwingine linatoa chini ya volti 1 na mkondo mdogo mno. Panga malimau 4 kwa kufuatana, shaba ya moja kwa msumari wa jingine, uweke LED nyekundu bila rezista, ukae gizani: utaona nukta ya mwanga. Video inayoonesha limau moja likiwasha taa ya sebuleni ina waya uliofichwa. Malimau hayo yakimaliza kazi yatupwe, yasiingie kwenye mchuzi, maana yamebeba zinki na shaba.

Kabla ya kufunga kopo, toa betri kwenye kasha na ubandike tepu kwenye vichwa vyake. Betri zisizobandikwa tepu zikirushwa kopo moja na klipu na foili zitajitafutia shoti zenyewe usiku. Zilizokwisha zisitupwe kwenye moto wa taka uani, zinaweza kupasuka.